Kabula, Hukuwa Unamkimbia Mtu

Kabula,

Barua huanza na salamu, lakini sisi tumekwisha kuamkiana leo asubuhi. Ulinipa shikamoo ukiwa umetazama ndoo, nami nikaitikia marahaba nikiwa nimetazama mlango. Kwa hiyo salamu tumezimaliza. Nimekasirika, na ninaandika nikiwa nimekasirika, kwa sababu nikingoja hasira ipoe, gari la Geita litakuwa limekuchukua.

Naandika badala ya kusema kwa kuwa unanijua. Nikisema nitapiga kelele, mama yako atatoka jikoni aniambie, "Baba Kabula, kuta hizi ni za matete," nawe utainamisha kichwa uendelee kukunja nguo. Nilifika darasa la nne tu, na mwandiko wangu unaujua, lakini utasoma. Wewe ni mwalimu sasa, utakutana na miandiko mibaya zaidi.

Sina la kukuambia kuhusu sabuni, wala chandarua, wala namna ya kukaa na shangazi yako. Hayo mama yako ameyasema tangu juzi hata kuku wameyakariri. Mimi nina jambo moja. Jana ulimpa binti wa jirani yetu Mama Sundi raba zako. Nikakuuliza kwa nini, ukasema, "Baba, mimi kukimbia basi. Hata gari likiniacha sitalikimbilia." Mama yako akacheka. Bundala, aliyekuja kuazima jembe, naye akacheka. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo kama mtu anayeumwa, kwa sababu ningebaki pale ningevunja kitu.

Unakwenda kufundisha Chato, na Chato ndiko nilikozaliwa. Hakuna mji ninaoujua kwa nyayo kama ule. Naona mapema kitakachotokea: utakaa pale kando ya ziwa mwaka mzima, miwili, ukitembea kutoka kwa shangazi yako hadi shuleni na kurudi, mkoba kwapani, polepole, kama mke wa katibu kata. Hilo ndilo linalonichoma. Safari yako hainichomi. Nenda. Ningekuwa na umri wako nisingelala huku hata siku moja zaidi.

Najua hutaki nikukumbushe ile asubuhi. Nitakukumbusha, kwa sababu wewe unaikumbuka vibaya. Unaikumbuka kama mtu aliyefanya kosa.

Siku chache kabla yake ulikuwa umeshinda mbio za wilaya pale Geita, na wanawake wasiokujua walikupigia vigelegele kuanzia ulipokata utepe hadi ulipokaa chini kunywa maji. Ilikuwa mara yako ya kwanza kupigiwa vigelegele. Ulirudi navyo masikioni. Kisha mvua ikanyesha, barabara yetu ya machimboni ikawa tope la malori, nawe ukaamua kukata kupitia kijiji cha ng'ambo ya mto, kwenye njia ya ng'ombe, ambako ardhi ni ngumu. Hukujua kwamba wiki hiyo watu wale walikuwa wameibiwa ng'ombe. Mimi nilijua. Nilisikia duarani, kule chini shimoni, mtu akisimulia huku tunapokezana sururu, na sikuona kama inatuhusu. Sisi hatuna ng'ombe.

Mchungaji akaona mtu wa kaptura, nywele zimekatwa chini, anatoka kwenye ukungu mbio na nyuma yake hakuna anayemfukuza. Akapiga mwano.

Sisi wa machimboni mwano tulikuwa tunausikia kwa mbali tu, tena usiku, kama kitu cha watu wengine. Sauti moja inapanda, jirani anaipokea, kijiji cha mbele kinaipokea, hadi mwizi anakuta watu wanamngoja kule kule anakokwenda. Kila anayeusikia lazima atoke na fimbo. Asiyetoka anatozwa faini. Na anayeonekana akikimbia mbele ya mwano ndiye mwizi, hakuna wa kuuliza. Wewe hukuusikia usiku. Uliusikia jua linachomoza, kutoka vinywani mwa wanawake waliokuwa wameinama kwenye pamba. Uliniambia mwenyewe pale zahanati, kabla hujaanza kuona aibu:

"Baba, nilidhani ni vigelegele. Nilidhani wamesikia habari za Geita. Nikainua mkono. Nikaongeza mwendo."

Maneno hayo nashuka nayo duarani na kupanda nayo. Bonde zima lilikuwa linapiga kelele upigwe, nawe ukalipungia mkono. Ukaongeza mwendo.

Wale wa kivukoni walikuwa wamekwisha kujipanga. Fimbo ya kwanza ilikupata juu ya jicho, ya pili ikavunja mkono uliouinua. Kilichokuokoa ni yule bibi aliyekuwa akichota maji. Alitupa mtungi akajitia katikati yao akisema, "Mayu wane! Mama yangu! Acheni! Mwizi gani anakuja anacheka?"

Nilipopata habari nilichukua mpini wa sururu nikaanza kwenda ng'ambo. Bundala alinikumbatia kutoka nyuma. "Kaka, watakuua, na mtoto bado yu hai, unataka aamke akuzike?" Sikumsikiliza. Nilimpiga kichwa cha kisogo kilichomng'oa jino. Rafiki yangu wa miaka yote, aliyekuwa ananiokoa. Sasa akisema neno lenye sauti ya s anapiga mluzi bila kutaka, na kila akipiga mluzi mimi naangalia pembeni. Hajanilaumu. Alisema tu, "Hasira yako haina macho, inampata aliye karibu." Nawe umekuwa karibu nami tangu siku ile, Kabula, kwa hiyo yamekupata mengi. Hayo nayajua. Lakini sijamaliza.

Watu wale wa ng'ambo walituita barazani kwao mkono wako ukiwa bado umefungwa vijiti. Mzee Luhende, yule wanayemwita mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wao wa kijiji, alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa koti la mvua katikati ya jua. Nilimpa shikamoo kwa sababu ananizidi umri. Akaitikia marahaba kwa upole kabisa, na upole wake ukanizidishia hasira.

"Pole na mtoto, Baba Kabula," akasema. "Sasa utueleze nasi tuelewe. Alikuwa anakimbia nini?"

"Alikuwa anakimbia tu."

"Tu ni nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasema si mtu, nikasema alikuwa anakimbia mazoezi.

"Mazoezi yamemfanya nini hata ayakimbie?"

"Labda amekimbia kutwanga!" mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Au mchumba mzee!" akasema mwingine.

Mimi nimesimama pale, mikono imejaa sugu. Nilitaka kueleza, na kila nikifungua mdomo neno ni lile lile, kukimbia, na katika mdomo wangu lina maana moja na katika masikio yao lina nyingine. Nimelifikiria sana neno hilo. Anayekimbia mbio na anayemkimbia nyoka tumewapa neno moja. Kisukuma nacho kina kupela, ni yale yale. Hatukuweka neno la mtu anayekwenda kwa kasi kwa sababu mwili wake unapenda. Kwa hiyo ukipita mbio mbele ya watu, wao wanatazama nyuma yako. Wanatafuta kinachokufukuza, na wasipokiona wanaamua ni wizi. Fimbo ziliinuka kutoka kwenye neno, na neno hilo ni letu sote, langu pia, ndiyo maana sikuwa na la kuwajibu.

Tangu siku ile jina langu machimboni ni Mzee Tu. Vijana wakinishusha duarani kwa kamba wanaitana, "Shusha Tu! Shusha Tu!" na kucheka hadi kamba inatikisika. Sawa. Hilo nalivumilia. Wanaishika kamba vizuri.

Nisilovumilia ni lako. Mzee Luhende aliamua kwamba hakuna aliyekosa. Waliopiga mwano walifanya kazi yao, waliopiga fimbo walifanya kazi yao, ila siku nyingine mtu akitaka kukimbia tu, atoe taarifa kwanza. Hapo ndipo wewe, bila mtu kukuambia, ulipopiga magoti. Ukaegemea mkono mmoja ili usianguke, ukasema, "Nisameheni, wazee wangu. Sitarudia."

Hutarudia nini?

Nimekuuliza swali hili mara ngapi, na kila mara unasema, "Yameisha, baba." Hutarudia nini, Kabula? Kuamka mapema? Kuwa na miguu? Waliokuvunja mkono walisimama wima, aliyevunjwa akapiga magoti, na baraza zima likasema, "Binti ana adabu." Mama yako alijisikia fahari. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake wakaleta jogoo wa kutupa pole. Nikasema arudi alikotoka. Mama yako akamchinja nikiwa kazini. Nikamla, alikuwa mtamu, na hilo nalo sijawasamehe.

Sasa nikuambie kwa nini hili linaniuma kuliko linavyostahili, kwa maana najua unasema moyoni kwamba mkono ni wako na si wa baba.

Nilipokuwa kijana Chato nilikuwa tarishi wa ghala la pamba. Unajua hilo, lakini unajua kwamba nilikuwa tarishi kama unavyojua kwamba babu alikuwa na ndevu. Hujui kazi yenyewe. Nilikuwa nabeba mfuko wa turubai wenye barua na funguo kutoka ghalani kwenda vituo vya kununulia pamba, kando kando ya ziwa, na kurudi. Karani hakuniambia nikimbie. Alisema nifike. Nilikimbia kwa sababu asubuhi ilikuwa inanikuta nimejaa nguvu na njia iko mbele. Sikuwa na jina la kitu kile. Nilikuwa nafika ghalani nimelowa jasho, karani ananiambia, "Ungetembea, barua haziozi," nami nacheka.

Kisha babu yako mzaa mama akaja kutoka Ushirombo kwa baiskeli, amevaa kanzu ya Jumapili, kumwona mtu anayetaka kumwoa binti yake. Alinikuta natokea kwenye kona ya ghala mbio, mfuko mgongoni, kumbe yeye amekaa na wazee barazani. Akauliza, "Huyu ni mtu mzima, au ni mtu wa kutumwa?" Wakacheka. Nami nikacheka nao, ndilo lililo baya, nilicheka nao. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa binti yake na mbuzi juu. Alicheka kidogo akasahau. Mimi ndiye niliyekiokota kicheko kile nikaondoka nacho. Kuanzia siku ile nilianza kutembea. Baada ya harusi nikaona hata kutembea na mfuko ni utumwa, nikaacha kazi, nikaja huku kwenye dhahabu niwe mtu wa heshima, mtu asiye na haraka. Heshima yenyewe ni hii unayoiona: natambaa kwenye shimo linalopitisha mabega yangu kwa shida, kwa tajiri ambaye hajui jina langu, na miguu niliyoionea aibu imekunjika hivi, haikunjuki tena vizuri.

Sikuacha kwa sababu ya kukatazwa, Kabula. Mtu akikukataza unaweza kumkaidi. Niliacha kwa sababu nilijitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa anapita. Ulipozaliwa, ulipoanza kukimbiza mbuzi wa Mama Sundi, ulipokuwa unawaacha wavulana kwenye barabara ya malori, sikusema kitu. Nilikuwa nakaa mlangoni nakutazama. Nilikwenda Geita kwa miguu kukutafutia zile raba wakati maduka hayakuwa na hata viberiti, yule Mhindi wa duka la kona akazitoa chini ya meza zimefungwa kwenye gazeti, akasema, "Mzee, hizi ndogo, hazikutoshi," nikamwambia hazikuwa zangu. Nilikudanganya zimeletwa na Bundala. Niliona aibu mtu mzima kujali viatu vya kukimbilia. Kumbe hata kwako nilikuwa bado natembea polepole ili nisichekwe.

Basi. Sasa sikiliza jambo moja nitakaloliandika meno yakiwa yameumana. Ukiwa mahali popote pa nchi hii ukasikia sauti zinapokezana, za kupanda, zinatoka pande mbili, usipunge mkono. Vigelegele vinakaa mahali pamoja, vinakushukia vikiwa na kicheko ndani yake. Mwano unasafiri, hauna kicheko. Ukiusikia, simama. Kaa chini. Weka mikono wazi, sema jina lako na la mwenyeji wako. Nachukia kuliandika hili. Ni kama kukufundisha kupiga magoti, na nimekwisha kusema ninavyoyaona magoti yale. Lakini kukaa chini ili uishi ni jambo moja, na kuomba msamaha kwa kuwa na pumzi ni jambo jingine, na wewe una akili ya kuyatenganisha. Kama huna, serikali imekosea kukupa darasa.

Chato nayo ina watu, na watu watasema. Usinijibu kwamba nimesahau. Lakini wale wa ziwani wanaona mbio kila siku. Nyavu zikija lazima mtu akimbie, mtumbwi ukisukumwa na upepo lazima mtu akimbie, kwa hiyo hawageuki kutazama nyuma yako. Watakutania tu. Utani hauvunji mkono.

Njia ya kwanza ni fupi. Inaanzia uani kwa shangazi yako, inashuka hadi mwaloni, pale wanapoanika dagaa. Usikimbie kwenye mchanga mkavu, utakula nguvu zako zote kabla hujafika popote. Shuka hadi maji yalipolamba, mchanga pale ni mgumu kama sakafu na nyayo zako utazikuta ukirudi. Asubuhi dagaa wakiwa wametandazwa ufuko wote unang'aa, unapita kando yake ukijihisi umevaa nguo mpya. Wanawake watakuambia, "Binti, samaki wamekwenda upande ule!" Walikuwa wananiambia hivyo hivyo. Pale usiingie majini hata ukiona joto, kichocho kipo.

Ya pili ni barabara ya maghala ya pamba. Ni pana na ina mchanga unaoshika visigino, kwa hiyo kaa ukingoni kwenye majani. Inakuchosha bila kukupa chochote mpaka unafika kwenye mwinuko, unasema sasa narudi, na hapo hapo visiwa vyote vinatokea kwa pamoja, kana kwamba mtu amefunua pazia. Sijawahi kufika pale nisishituke. Nilipita mamia ya mara, na kila mara nilishituka.

Ya tatu inapanda kwenye majabali nyuma ya kanisa. Usiende kabla jua halijatoka, maana viboko hupanda kula majani usiku na njia wanayoitumia kushuka ni hiyo hiyo yako. Subiri mwanga. Ukikuta kinyesi kibichi, geuka, usijifanye shujaa. Juu kabisa kuna jabali bapa ambalo hushika joto la jana, ukilala chali mgongo unapona. Mawingu ya wadudu wa ziwani yanapanda huko mbali kama moshi wa meli, na upepo ukigeuka funga mdomo, wataingia. Mimi nimekula wengi. Hawana ladha mbaya.

Nikiziandika njia hizi mkono unakwenda wenyewe, na hasira nayo inapata mahali pa kukaa. Nimekuwa huku zaidi ya miaka ishirini. Nimesahau nyuso za watu niliosoma nao, lakini naweza kukuambia ni mzizi upi unatokeza kwenye njia ya ziwani baada ya mti wa pili wa mkuyu. Uruke kwa mguu wa kushoto.

Iko njia ya nne, ndefu kuliko zote. Inafuata ghuba kuelekea rasi, ziwa liko kulia kwako muda wote. Unapita mafunjo, pale ardhi inanesa, halafu shamba la mihogo, halafu unaanza kupanda polepole bila kujua unapanda. Utajua kwa pumzi. Mwishoni kuna jabali kubwa lililopasuka katikati, na ufa wake mtu anaweza kupenya kiubavu. Hapo ndipo kazi yangu ilipoishia. Tarishi wa upande wa pili, Mzinza mwenzangu mmoja mrefu anayeitwa Lugata, alikuwa ananingoja kivulini, ananipokonya mfuko, ananipa wake, na kila siku ananicheka.

"Wewe unapita kando ya bwawa," alikuwa akisema. "Ziwa lenyewe linaanzia kwetu, nyuma ya jiwe hili."

"Kuna nini huko?"

"Penya uone."

"Nina barua."

"Basi kaa na barua zako."

Halafu anapenya kwenye ufa na mfuko wangu na kuondoka mbio, namsikia akiimba, sauti inakwenda, inakwenda, halafu kimya cha ghafla, kana kwamba ardhi imemshusha. Nilitaka siku moja nipenye. Kila siku nilisema kesho. Kisha nikaanza kutembea, na anayetembea alikuwa anafika pale jua kali, amechoka, anataka kurudi. Kisha nikaondoka. Sikupenya. Kwa hiyo kuhusu ziwa nililozaliwa nalo najua mpaka kwenye jiwe lile tu, na kimya kile sijui ni cha mteremko, au cha maji, au ni upepo tu unaogeuka.

Sikuombi ukimbie. Nimekwisha kukuomba, nimekwisha kukuamuru, nimekwisha kukupigia kelele mpaka Mama Sundi akaja kuuliza kama kuna msiba. Sasa nakuuliza tu. Niandikie kuna nini nyuma ya jabali lile. Shangazi yako hawezi kuniambia, miguu yake inavimba. Wavuvi wanalitazama kutoka majini, na kutoka majini kila kitu ni jiwe. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua atakayekuwa karibu nalo.

Na usifikiri utanidanganya kwa kwenda ukitembea. Jumamosi shangazi yako atakutuma shambani, Jumapili atakushika kanisani mpaka jioni, na jioni za kazi atakuweka jikoni, namjua. Zimebaki asubuhi za kazi. Njia ile naijua kwa mapafu yangu: anayetembea, hata akiondoka gizani, hafiki pale na kurudi kabla ya kengele ya darasa la kwanza.

Ni mimi, baba yako.